Pini kumi, pini ishirini na nne

Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, simu nimeiegemeza kwenye mguu wa meza ili tochi yake imulike ndani ya kasha, nikijaribu kuchomeka plagi ambayo haikutaka kuingia. Kompyuta yangu ya mezani, niliyoinunua miaka minne kabla ikiwa imeundwa tayari, ilikuwa imezimika ghafla juzi yake: ukibonyeza kitufe, feni ilitikisika mara moja tu, kisha kimya. Niliipima pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, nikaikuta imekufa, na kusema kweli nilifarijika, kwa sababu katika vifaa vyote vya kompyuta ya mezani hicho ndicho nilichokiona rahisi kubadilisha. Nikanunua mpya, nikafungua ubavu wa kasha, nikang'oa ya zamani, kisha nikaishika ile plagi kubwa ya pini 24 ambayo kila aliyewahi kufungua kompyuta anaifahamu.

Ubao mama, ule ambao vifaa vyote huchomekwa juu yake, ulikuwa na tundu la pini 10.

Nilihesabu mara mbili. Ndipo nikaanza kuona mengine ambayo macho yalikuwa yameyapita: nyaya za umeme wa diski hazikutoka kwenye pawa saplai, zilichomoza kwenye ubao mama wenyewe, pawa saplai ya zamani ilikuwa nyembamba na ndefu, na matundu ya skrubu nyuma ya kasha hayakulingana hata kidogo na ile mpya, hata waya wa kitufe cha kuwashia ulikuwa na plagi yake ya peke yake. Mtengenezaji alinijibu kwa adabu kwamba kifaa hicho hakitolewi tena. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa nzima, ramu, yaani kumbukumbu yake ya muda, nzima, diski nzima, na vyote kwa pamoja havikuwa na kazi.

Hasara niliimeza mapema. Kilichonikaa rohoni kwa wiki kadhaa ni kwamba tundu lile lilikuwapo tangu siku ya kwanza, umbali wa skrubu mbili kutoka kwenye vidole vyangu, na katika miaka minne sikuwahi kuona haja ya kulitazama.

Bei ni shahidi asiyetulia

Nilipoanza kutafuta kompyuta nyingine, nilijikuta nimerudi kwenye swali ambalo watu hulibishania kila mwaka: ninunue iliyoundwa tayari, au ninunue vipande niunde mwenyewe? Karibu kila ninayemuuliza huanza na bei, na mimi pia nilianza nayo. Nilichora jedwali, upande huu kompyuta nzima, upande ule vipande vinavyofanana nayo, nikajumlisha.

Jedwali hilo nililifanya mara tatu katika wiki tatu, na mara zote tatu halikunipa jibu lilelile.

Wala si ajabu. Kati ya mwaka 2020 na 2022, kadi za michoro, zinazochora picha za kwenye kioo, zilipokuwa adimu na wachimbaji wa sarafu za kidijitali, wanaozizalisha kwa hesabu nzito za kadi hizo, wakizigombania na wacheza gemu, wapo walionunua kompyuta nzima kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa njia nafuu ya kuipata kadi iliyokuwa ndani yake. Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali wa Ethereum ulipoachana na uchimbaji, mizani ikaanza kurudi. Kisha mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya ramu ikapanda kwa kasi, kwa kuwa vituo vya data vya akili bandia vilikuwa vikizoa chipu za kumbukumbu, na aliyekuwa akinunua kipande kimoja kimoja ndiye aliyeumia mwanzo, ilhali kampuni kubwa zilikuwa bado na akiba zilizonunuliwa zamani. Anayesema kuunda mwenyewe ni nafuu siku zote, na anayesema kununua tayari ni nafuu siku zote, wote wawili wanakumbuka mwezi fulani.

Nikalichana jedwali. Nilianza kujiuliza jambo jingine: kama tofauti ya bei ingekuwa sifuri, ningechagua ipi, na kwa sababu gani?

Kinachotajwa, kinachonyamaziwa

Nilichukua karatasi ya sifa ya ile kompyuta yangu iliyokufa, ambayo nilikuwa bado nimeihifadhi pamoja na risiti. Ilitaja prosesa kwa jina kamili. Ilitaja kadi ya michoro kwa jina kamili. Ramu iliandikwa kwa GB, diski kwa GB, na hapo ndipo maandishi makubwa yalipoishia. Kuhusu pawa saplai kulikuwa na idadi ya wati peke yake. Kuhusu ubao mama hakukuwa na neno hata moja.

Niliisoma tena na tena, na kila nilipoisoma niliona mpaka uleule. Kinachotajwa ni kile ambacho mnunuzi anajua kukilinganisha. Kinachonyamaziwa ni kile kinachoamua kompyuta itaishi miaka mingapi.

Chukua ramu. GB 16 zinaweza kuwa ramu moja ya GB 16 au mbili za GB 8, na karatasi itasema "GB 16" kwa vyote viwili. Lakini prosesa za kawaida za kompyuta za mezani husoma ramu kwa njia mbili sambamba, na ukiweka moja tu, njia ya pili inakaa tupu na upana wa kupitisha data unabaki nusu. Anayetumia michoro ya ndani ya prosesa, asiye na kadi ya pembeni, ndiye anayelipia zaidi, kwa sababu michoro hiyo hunywa kutoka kwenye ramu hiyohiyo. Yangu ilikuwa na ramu moja. Nililigundua hilo siku ya msiba.

Au chukua hizo wati za pawa saplai. Mtu huona namba kubwa akaridhika, au huona nembo ya 80 Plus, mpango ulioanza mwaka 2004, akadhani amehakikishiwa ubora. Nembo hiyo inapima ufanisi: katika umeme unaoingia kutoka ukutani, ni kiasi gani kinafika kwenye vifaa na ni kiasi gani kinapotea kama joto. Haisemi kapasita za ndani, vipande vinavyohifadhi umeme kwa muda, zitadumu vipi, wala haisemi kifaa kitafanya nini siku umeme utakapoyumba. Na hakika haisemi plagi yake ina pini ngapi.

Hapa nilitaka kukasirika na kuishia hapo, ila haki ina pande zake. Mwaka 1981 IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi, iliijenga kwa vipande vingi vya watengenezaji wengine na ikachapisha maelezo yake ya kiufundi, na ndani ya muda mfupi kampuni kama Compaq zikawa zinatengeneza mashine zinazoendesha programu zilezile. Mwaka 1995 Intel ikatoa kiwango cha ATX, kilichopanga ukubwa wa ubao mama, mahali pa matundu ya skrubu na umbo la plagi ya umeme, ambayo mwanzoni ilikuwa na pini 20 na baadaye 24. Kuunda kompyuta mwenyewe kunawezekana kwa sababu ya makubaliano hayo tu. Bila hayo, kila kasha lingekuwa kisiwa. Mtengenezaji wangu alijitoa kwenye makubaliano, lakini alikuwa na hoja: pawa saplai inayotoa volti 12 pekee, na kuuachia ubao mama kazi ya kuzishusha, hupoteza umeme mdogo zaidi kompyuta ikiwa imetulia. Intel yenyewe baadaye ilitoa kiwango cha namna hiyo, ATX12VO, nacho kina pini 10. Niliposoma hivyo nilikimbilia kasha langu kwa matumaini. Mpangilio wa pini haukuwa huo.

Zipo pia nyaya za kubadilishia, zinazogeuza pini 24 kuwa 10 au 14 kwa mashine fulani fulani. Nilizifikiria kwa siku mbili. Waya mmoja ukikaa mahali pasipo pake unaunguza ubao, na kasha bado lingekuwa wazi ubavuni, pawa saplai ikining'inia nje kama utumbo. Niliacha.

Mtu wa kumlaumu

Kufikia hapo ungedhani nilikuwa nimeshaamua. Sikuwa.

Kuna jambo ambalo wanaosifia kuunda mwenyewe hulipita haraka mno, na lilinizuia kwa karibu nusu mwezi. Ukiunda mwenyewe, kila kipande kina dhamana yake, wakati mwingine ndefu kuliko ile ya kompyuta nzima. Ila hakuna dhamana ya vipande vikiwa pamoja. Kifaa kikifa kabisa, kazi ni nyepesi: unakijua, unakirudisha. Balaa ni hitilafu inayokuja na kwenda, kompyuta inayojizima mara moja kwa juma bila sababu. Je, ni ramu? Ni pawa saplai? Ni ubao mama? Ni programu? Njia ya uhakika ya kujua ni kubadilisha kipande kimoja baada ya kingine, na hapo unatambua kwamba fundi ana kitu ambacho wewe huna, nacho ni pawa saplai ya pili, ramu ya pili na ubao wa pili vilivyokaa rafuni vikisubiri. Wewe una vipande vyako vilevile, na kila kimoja ni mshukiwa. Muuza ramu atakuambia angalia ubao; muuza ubao atakuambia angalia ramu; na wote wawili wanaweza kuwa wakweli.

Aliyenunua kompyuta nzima ana anwani moja ya kupeleka lawama.

Nilijiuliza kama mimi ni mtu wa kuweza kuishi bila anwani hiyo. Nina kazi, na saa ninazotumia kutafuta hitilafu ni saa ambazo hakuna anayenilipa. Zaidi ya hayo, nilishuku nia yangu mwenyewe. Je, nilitaka kuunda kwa sababu ni busara, au kwa sababu nilikuwa nimeaibishwa na tundu la pini 10 na nilitaka kulipiza? Hasira hununua vitu vingi ambavyo utulivu usingenunua.

Kilichonisogeza ni kurudi kwenye tukio lenyewe. Nilikuwa na anwani ya lawama. Niliipigia, ikapokea, ikaongea nami vizuri, na haikuwa na cha kunipa kwa sababu muda wa dhamana ulikuwa umekwisha. Ulinzi wa kompyuta nzima ni wa kweli, lakini una tarehe. Baada ya tarehe hiyo unabaki na vipande, na hapo linalohesabika ni kama vipande hivyo vinaweza kupata mbadala kutoka kwa mtu mwingine yeyote duniani. Mimi hukaa na kompyuta miaka saba, minane. Sehemu kubwa ya ndoa yetu huwa ni baada ya dhamana.

Hapo ndipo nilipoagiza vipande.

Taa ya njano

Siku ya kuunda nilifunika meza kwa kadibodi na kupanga kila kitu kwa mfuatano. Sitasimulia yote; maelekezo yako kwenye kitabu cha ubao mama, na ni mazuri kuliko ninavyoweza kuyaandika. Nitasema tu kwamba soketi ya AM5, tundu la prosesa za AMD lililoingia sokoni mwaka 2022, ina pini 1,718 zilizosimama kwenye ubao, nyembamba kama nywele za mtoto, na kwamba unapoiweka prosesa juu yake hutakiwi kuisukuma hata kidogo. Unailaza tu. Kisha unashusha mkono wa chuma wa kuibana, nao unakataa, unakaza, unatoa sauti kama ya kitu kinachovunjika, na inakubidi uamini kwamba sauti hiyo ni ya kawaida. Nilifumba macho. Najua haisaidii.

Ramu mbili, kwenye matundu ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa, kama kitabu kilivyoagiza. Diski ya zamani ilihamia kwenye ubao mpya bila malalamiko, na ndiyo peke yake iliyovuka. Ramu za DDR4, kizazi kilichotangulia, haziingii kwenye tundu la DDR5, kizazi kilichofuata, na leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta ya zamani ilikuwa imefungwa kwenye ubao mama wake, ikafa nao. Pini 24 ziliingia kwa mlio mmoja safi. Nilizichomoa nikazichomeka tena, kwa raha tu.

Nikabonyeza kitufe. Feni zikazunguka. Kioo kikabaki cheusi.

Kwenye pembe ya ubao iliwaka taa ndogo ya njano, kando yake pameandikwa DRAM, yaani ramu. Dakika moja. Dakika mbili. Nilijua maana ya taa hiyo: mashine imekwama kwenye ramu. Dakika ya tatu nilianza kupanga maneno ya kumwandikia muuza ramu, nikakumbuka atakavyonijibu, niangalie ubao. Dakika ya nne nilinyoosha mkono kuzima umeme ukutani, na sijui ni nini kilichonizuia zaidi ya uchovu. Niliketi sakafuni, palepale nilipopigia magoti siku ile, nikaitazama taa nikiwa na hakika kwamba nimeharibu kitu kwa mikono yangu na kwamba safari hii hakuna wa kumpigia simu.

Baada ya dakika saba hivi taa ilizimika, na kioo kikawaka.

Haikuwa hitilafu. Mfumo wa DDR5, unapowashwa kwa mara ya kwanza, hujaribu mamia ya mipangilio ya muda na volti ili prosesa na ramu zielewane, na kwa ramu kubwa kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa bila kioo kuonyesha chochote. Ikishapata mpangilio unaofaa inauhifadhi, na siku zinazofuata huwaka haraka. Ilikuwa imeandikwa kwenye kitabu, ukurasa ambao niliuruka kwa sababu ulikuwa na maandishi mengi na picha moja tu. Kama ningezima ukutani, ingeanza upya, nami ningezima tena, na huenda jioni hiyo ningeifungasha ramu nzima isiyo na kosa na kuirudisha ilikotoka.

Wiki mbili baadaye niligundua jambo la kunishusha mabega. Ramu niliyochagua kwa uangalifu, yenye kasi ya 6000, ilikuwa ikienda kwa 4800, kwa sababu kasi iliyoandikwa kwenye boksi haiji yenyewe. Lazima uingie kwenye BIOS, mipangilio ya ubao mama yenyewe, uuwashe wasifu wa EXPO, ambao ndio unaobeba kasi hiyo. Mimi niliyeapa kwamba sitamiliki tena kitu nisichokijua ndani yake, nilikuwa nimekaa siku kumi na nne mbele ya kitu nilichokiunda kwa mikono yangu bila kujua.

"Nataka kuwasha tu"

Mwezi uliofuata shemeji yangu, ambaye anaishi kwa kuhariri video, aliniuliza anunue nini. Nilimsikiliza, nikamuuliza kuhusu kazi zake, muda anaopewa na wateja, na kama amewahi kufungua kompyuta. Kisha nikamshauri anunue iliyoundwa tayari.

"Sasa shemeji," akasema, "wewe umeshinda miezi miwili ukitusimulia habari za pini. Mbona mimi unanipeleka huko huko?"

"Wewe ikizimika Alhamisi na kazi inatakiwa Ijumaa, utafanya nini?"

"Nitaipeleka kwa wenyewe. Shemeji, mimi nataka kuwasha tu."

Sikuwa na la kuongeza juu ya hapo. Yeye hubadilisha mashine kila baada ya miaka mitatu kwa sababu kazi yake inamlazimisha, kwa hiyo karibu maisha yote ya kompyuta yake hupita ndani ya dhamana. Nisingeweza kumwekea mzigo wa taa ya njano kwa sababu tu mimi nimeubeba. Lakini sikumwachia hivihivi. Nilimwomba amuulize muuzaji mambo matatu kabla ya kulipa: jina kamili la ubao mama, jina kamili la pawa saplai, na ramu ni ngapi kwa idadi, mbali na GB zake. Nikamwambia kwamba asiyeyajua ana nafasi ya kwenda kuuliza, ila anayekataa kuyasema amsamehe tu, aendelee na safari yake kwa muuzaji mwingine. Wapo wanaounda kompyuta kwa vipande vya kawaida vya dukani na wanaviandika vyote hadharani hadi feni, na kwa mtu kama yeye hao wanampa dhamana ya leo pamoja na matumaini ya baadaye.

Muuzaji wa kwanza alimjibu kwa wati. Wa pili alimjibu kwa GB. Wa tatu alimtumia orodha nzima, na ndiye aliyeuza.

Kompyuta ilipofika, alinipigia kunijulisha kwamba imewaka. Nikamwomba kitu kimoja kabla hajaanza kazi: aizime, achomoe waya ukutani, afungue ubavu wa kasha, apige picha moja na kuufunga tena. Alicheka, akaniambia nina ugonjwa, lakini baada ya robo saa picha ikaingia. Ilikuwa na giza kidogo na kidole chake kimeziba pembe. Nikaivuta kwa vidole viwili hadi ikaanza kuvunjika vipandevipande, nikaipata ile plagi kubwa pembeni mwa ubao, safu mbili za pini, na nikaanza kuhesabu safu ya kwanza.

Kumi na mbili.